Namna ya kuanzisha polisi jamii mtaani kwenu na isife mwezi wa pili (uzoefu wa Tanga)

Nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa hapa Tanga mjini miaka sita, nimeacha mana goti limegoma doria, ila simu zenyewe hazijaacha. Kila wiki mbili tatu kuna mtu wa Mabawa, mara wa Makorora, juzi mmoja kanipigia kutoka Pongwe, wote swali moja, hii polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda mtaa pamoja, nyie mlifanyaje mpaka afande anakaa kijiweni anakunywa kahawa na kashata na watu hawakimbii. Nimechoka kurudia ndo nikaona niandike mara moja, chukueni linalowafaa.

Kwanza nikwambieni kitu kilichotuchukua karibu miaka miwili kukielewa. Tulidhani watu hawatoi taarifa kwa sababu wanamwogopa mwizi, au kwa sababu hawawapendi polisi tu basi. Kumbe mwizi wanamjua, wamemuona akikua, mwingine anamwita shangazi. Walichokuwa wanaogopa ni jina lao lisije likafika kwa mwizi kupitia sisi. Sisi yaani kamati, na polisi. Sasa kila hatua ntakayoandika hapa chini ipime kwa hilo, kama inamuanika mtu achaneni nayo hata kama imetoka kwenye semina.

ANZENI NA KERO MOJA, TENA NDOGO

Msiende kituoni na maneno ya "afande uhalifu umezidi". Hilo kashalisikia tangu asubuhi na hana cha kulifanyia. Kaeni kwanza wenyewe, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, wazee wawili watatu, mwalimu wa madrasa, mtu wa kanisa, mama mmoja wa vikoba, na kiongozi wa kijiwe cha bodaboda (huyu msimsahau, anajua nani kapita wapi saa ngapi kuliko nyie wote), mchague kero moja.

Yetu ilikuwa uchochoro. Hatua kama mia na hamsini hivi, upande mmoja ukuta wa shule upande wa pili migongo ya nyumba za watu, taa hakuna, na akina mama wanaokwenda kununua samaki Deep Sea wanapita pale alfajiri na mtaji wameufunga kwenye pindo la kanga. Wanaporwa. Tukaandika miezi miwili, tarehe, saa, kilichochukuliwa, hakuna jina la mtu hata mmoja. Mi ndo nilikuwa naandika na sikuona kitu, aliyeona ni mvuvi mmoja mzee kapita ofisini kwa shida zake, kaliangalia daftari kasema nyie hamuoni, hawa wanapora wakati wa giza. Kweli. Wavuvi wa taa wanatoka siku za giza, mbalamwezi ikiwaka hawatoki, kwa hiyo siku za giza samaki ni wengi na mama kabeba hela nyingi, mbalamwezi hakuna samaki hakuna hela na vibaka nao wanalala. Basi tukajua hatuhitaji doria mwezi mzima, tunahitaji wiki mbili, saa kumi mpaka kumi na mbili asubuhi. Na nyumba mbili zikakubali kugeuza taa ya uani iangalie uchochoroni, tukawa tunawachangia hela ya LUKU.

Hilo ndo tulilompelekea polisi. Karatasi moja. Afande kaisoma kasimama.

KUMPATA AFANDE WENU

Ulizeni kwa mtendaji wa kata nani mkaguzi wenu wa kata. Jeshi la Polisi lilipanga wakaguzi kwenye kata kwa ajili ya kazi hii hii, watu wengi hawajui, wanadhani polisi ni kaunta tu. Kama hayupo nendeni kwa OCS, mkuu wa kituo. Nendeni watatu, sio kumi, mkiwa kumi mnaonekana maandamano. Bebeni barua ya mtendaji yenye muhuri. Salamu vizuri, nguo ya heshima, na ombeni vitu vitatu tu: jina lake, namba yake ya mkononi sio ya kituo, na siku gani kwa wiki anapita mtaani. Msiombe gari, msiombe doria ya kila usiku, mtajibiwa gari haina mafuta na pengine ni kweli.

Juu ya OCS kuna OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, juu yake RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Wenzetu wa Bagamoyo wakumbuke RPC wao ni wa Pwani na ofisi iko Kibaha, nimeona watu wanapanda basi mpaka Dar kupeleka malalamiko sehemu isiyohusika.

KIKAO CHA KWANZA KITAKUWA KIBAYA

Na kiacheni kiwe kibaya. Watu wana miaka ya vinyongo, hawawezi kukaa kimya eti kwa sababu mmewaletea soda.

Sisi tulikaa baraza la madrasa, Jumapili baada ya alasiri. Sio ofisi ya chama, sio kituoni. Afande akaja na difenda, nyuma askari wanne na bunduki, vijana wote wa kijiweni wakayeyuka kabla gari haijazima injini. Alikuwa hana nia mbaya, ndo walivyozoea kutembea. Tulimwambia baadae, na kikao cha pili akaja na bodaboda, kavaa shati la kawaida. Mwambieni mapema nyie msifanye kosa letu.

Waliobaki, akasimama bibi mmoja. Afande kijana akaanza yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwaka jana mjukuu wangu kachukuliwa pale kwenye chipsi, kalala ndani siku tatu, kosa hana, elfu hamsini ndo katoka. Leo unataka nikwambie nani anauza bangi?"

Mwenyekiti akataka kumkalisha, mama ngoja kwanza tusikilize mada. Afande akamzuia mwenyekiti kwa mkono. Katoa kidaftari. "Tarehe unaikumbuka bibi?" Bibi anaikumbuka, ilikuwa siku ya maulidi. Akaandika, akaendelea kuandika ya wengine karibu saa nzima, mada yake hakuitoa. Wiki iliyofuata karudi nyumbani kwa bibi kwa miguu, kamwambia nimefuatilia, hela siwezi kukurudishia, aliyekuwa zamu kashahama, ila malalamiko tuandike leo nitakusaidia yafike kwa OCD. Yakaandikwa. Bibi yule mpaka leo sijui kama kashatoa taarifa hata moja. Ila aliacha kuwakataza wengine, na kwenye mtaa wetu hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko.

Kwa hiyo kikao cha kwanza afande asijitetee. Asiseme "sio wote tuko hivo". Aandike. Na cha pili aanze kwa kusoma alichoandika na amefanya nini.

Halafu akina mama wapewe kikao chao peke yao, na aje askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto kama yupo. Mambo ya mtoto kuharibiwa au mume kupiga hayasemwi mbele ya shemeji zake. Wanasiasa msiwape kipaza sauti, diwani asalimie akae.

SIRI YA MTOA TAARIFA (hapa msiruke)

Hapa nna dhambi yangu na naisema.

Tulikuwa na rejista ofisi ya mtaa, nimeichora mwenyewe kwa rula, tarehe, tukio, hatua, na safu ya mwisho "mtoa taarifa". Naona sifa, kazi safi. Fundi baiskeli mmoja, na Tanga hapa mnajua fundi baiskeli anaona watu wote, akatuletea habari ya nyumba inayopokea simu za wizi. Nikamwandika jina. Siku ya tatu nimetoka kwenda kuswali adhuhuri rejista nimeiacha mezani, mlango wazi, na ofisi ya mtaa mtu yeyote anaingia kuomba barua ya utambulisho. Keshokutwa yake fundi anafungua banda anakuta baiskeli za wateja kumi na moja matairi yote yamepasuliwa kwa wembe, ndani na nje, moja haijaguswa. Ile moja ilikuwa ya yule jamaa wa nyumba ya simu, kaileta makusudi jana yake. Hakuna barua hakuna tusi. Fundi akalipa matairi ya watu, akahamia Muheza. Tukikutana stendi ananisalimia kama mtu asiyenijua.

Baada ya hapo ndo tukaweka utaratibu, na huu ndo naomba muuchukue wote:

- Jina la mtoa taarifa haliandikwi popote mtaani. Sio kwenye rejista, sio kwenye simu ya katibu, sio kikaratasi. Taarifa inaandikwa kitendo, mahali, saa.
- Taarifa nzito inakwenda kwa mkaguzi moja kwa moja, mwenyekiti hana haja ya kujua. Wenyeviti wengi hapa wananuna. Wanune.
- Afande asitoke nyumba A kwenda nyumba B. Akitaka kuongea na mtu apite nyumba tano sita, asalimie kote, hata akakae kwa mwenyekiti nusu saa. Watu wanahesabu, usidhani hawahesabu.
- Mtoa taarifa asiitwe kituoni kwa jambo ambalo simu inatosha. Akiitwa asikalishwe benchi moja na ndugu wa mtuhumiwa.
- Ikifika kwenye ushahidi wa mahakamani hapo siri ya kienyeji haitoshi tena, mtu aambiwe ukweli mapema kabla hajakubali. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, amuulize mpelelezi au mwendesha mashtaka inamsaidiaje yeye, asipewe ahadi za mdomo na katibu kama mimi.

La mwisho kwenye hili, fundisheni watu kuripoti kitendo sio sura. Sisi wa Tanga baada ya yale mapambano ya mapango ya Amboni Februari 2015 tulipita kipindi kila mgeni akikodi chumba, ana ndevu kidogo na haongei sana, basi jina lake linakwenda. Hiyo inachosha polisi na inamuumiza mtu asiye na kosa, na akishalala ndani bure unakuwa umepata bibi mwingine kama yule wa kwenye kikao. "Kapokea mizigo saa nane usiku mara tatu wiki hii" hiyo ni taarifa. "Simuelewi elewi" sio taarifa.

WALINZI WA DORIA

Ulinzi wa jadi sio kitu kipya, sungusungu walianzia huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na hili jina la polisi jamii lilivuma zaidi enzi za mkuu wa jeshi la polisi (IGP) Said Mwema, 2006 mpaka 2013. Tulichojifunza wote ni kwamba kikundi kinaanza kulinda, mwaka wa pili kinaanza kupiga watu, wa tatu kinadai hela. Kwa hiyo kizuieni kabla hakijafika huko.

Majina ya walinzi yasomwe mkutano wa hadhara watu wapinge, alafu yapelekwe polisi wayaangalie, mana tuliwahi kuleta mlinzi ana kesi mbili za kuvunja duka. Wapate mafunzo kwa mkaguzi hata kama ni siku mbili. Vifaa ni tochi, filimbi, koti la kung'aa, rungu. Panga hapana. Watembee wanne wanne na asubuhi waseme walichokutana nacho.

Wanachoruhusiwa ni kidogo. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, halafu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Bila kuchelewa sio kumfunga kwenye mwembe mpaka watu waamke wamuone. Kupekua nyumba ya mtu sio kazi yao, kutoza faini sio kazi yao, kumnyoa kijana rasta kwa chupa (nimeona) sio kazi yao. Na ule usemi wa magazetini wa "wananchi wenye hasira kali" mi siupendi kabisa, mana ukiwauliza wale wenye hasira wengi hawajui hata kilichoibwa. Katiba Ibara ya 13(6)(b) inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Kazi ya mlinzi wa doria kelele za mwizi zikipigwa ni moja, kusimama kati ya yule mtu na matofali, apige filimbi, apige 112, namba ya bure. Tuliwaambia hivo tangu siku ya kwanza, na walinzi wawili wakaacha kazi hapo hapo, nikashukuru.

Vijana wa kijiweni waingizeni kwenye doria. Mnaowashuku kidogo hao hao. Sio wote, wale ambao mama zao bado wanaweza kuwagombeza.

Hela sasa. Mchango uwe wa hiari, ukitaka uwe wa lazima lazima upite kwenye sheria ndogo za halmashauri sio kwenye mdomo wa mwenyekiti. Kila senti risiti. Matumizi yasomwe mkutanoni mpaka hela ya betri. Mlinzi asipite nyumba kwa nyumba usiku kudai, mtu akigongewa saa tatu usiku na rungu anatoa, ila kesho anakuchukia.

UKIFIKA KAUNTA

Watu wengi wakiibiwa huku kwetu wanakwenda kusomesha halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi, kabla ya kituo, na ukiwauliza wanasema halbadiri haiombi hela ya karatasi. Nawaelewa. Ila wafundisheni haya, bandikeni ukutani ofisi ya mtaa: ukiripoti unapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, ukae nayo. Ukipigwa au ukiumizwa unachukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini anayetoka damu nyingi akimbizwe hospitali kwanza mtu mwingine afuate fomu. Dhamana haiuzwi. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ikishindikana apewe dhamana, ukiacha makosa makubwa. Ukiombwa chochote "cha maji" chukua jina na saa, peleka kwa OCS, hasikii nenda kwa OCD, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113 bure. Kama ni kupigwa au kubambikiwa kesi kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Malalamiko yaandikwe bila matusi, tarehe, saa, kituo, nani alisema nini. Barua ya kurasa nne ya hasira inawekwa chini ya glasi ya chai.

Na mshangao wangu, askari wazuri wanayapenda haya. Mmoja aliniambia bwana katibu mkiwajua hawa wetu wawili watatu mkawaandika mnatusaidia sisi wengine tutembee kifua mbele.

MREJESHO

Hapa ndo wengi wanafia. Mtu kaleta taarifa, wiki, mwezi, kimya. Hajui kama imefanyiwa kazi au imeuzwa. Akili yake inachagua imeuzwa.

Wekeni siku moja ya mwezi isiyobadilika, sisi ilikuwa Jumamosi ya kwanza, afande anasimama dakika kumi anasoma, mwezi huu mmetupa taarifa ngapi, ngapi tumezifuata, ngapi hatujapata kitu, kesi gani iko mahakamani. Hata "hatujampata" ni jibu. Pia "ameachiwa kwa dhamana na mahakama" mlieleze, mana mtu akimuona mwizi mtaani kesho yake anasema polisi wamekula hela, kumbe ni dhamana ya halali. Hili peke yake limetuokoa na ugomvi mwingi sana.

Grupu la WhatsApp la mtaa ni zuri kwa kutangaza kikao na mtoto aliyepotea. Picha za watuhumiwa na majina hapana, sauti za "nimesikia" hapana. Mkuu wa grupu afute hapo hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichezi na mtu anayesambaza uongo, na zaidi ya sheria, mwizi naye yumo kwenye grupu. Wetu alikuwemo, alikuwa anaweka emoji ya kulia kila tukitangaza wizi.

Mitaa ya mwambao, Tongoni, Chongoleani huko, ongezeni BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe, kwenye kamati. Mlipuko wa baruti baharini unasikika na kila mtu, mkiandika saa na upande ulikotokea wiki nne mfululizo mnampa polisi na watu wa uvuvi kitu cha kushika, na hamjamtaja mtu.

AFANDE AKIHAMA

Atahama. Tena mkishazoeana ndo atahama. Wa kwanza wetu kaondoka ghafla, mwezi mmoja kila kitu kikalala, namba yake ndo ilikuwa mradi mzima. Wa pili tulijifunza. Mkisikia tetesi tu za uhamisho mwombeni OCS anayekuja na anayeondoka watembee mtaani pamoja hata jioni moja. Wapite kijiweni, kwa muuza chipsi, banda la fundi, uchochoro, kwa bibi. Anayeondoka ndo amtambulishe, sio mwenyekiti. Namba ya simu ya kazi ikiwezekana ibaki ile ile, laini ahamishiwe mwenzake.

Daftari la vikao mkabidhini siku hiyo, la matukio bila majina. Mpeni kahawa. Na wekeni mtu wa kumshika bibi mkono kwa upole, asianze na habari ya elfu hamsini jioni ile ile.